Bi Verlene Stiltner, Mtafuta Vitanda wa Jimbo Zima

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na mitatu ya kupokea simu za watu wanaotafuta tiba ya pombe na dawa za kulevya ndani ya West Virginia, Bi Verlene Stiltner alivua hedifoni, akaifuta kwa leso yake, akaiacha mezani na kustaafu. Jarida hili limeniomba niandike habari zake kwa kuwa nimekaa dawati la pili kutoka lake muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote aliyebaki. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba asipewe nafasi ya kusahihisha.

Wengi hudhani mtu hawezi kudumu katika kazi hii bila kuwa na kidonda chake cha nyumbani. Wageni walikuwa wakimuuliza kwa sauti ya chini ni nani wa kwao aliyemleta hapa. Jibu lake halikubadilika: "Yaliyonileta ni malori." Alikuwa mpanga safari katika kampuni ya malori ya makaa ya mawe kule Logan, kampuni ikafungwa, naye alihitaji kazi yenye bima. Siku ya usaili aliulizwa anajua nini kuhusu waraibu. Akasema hajui kitu, ila amezoea kumtafutia malazi dereva aliyekwama mlimani kwenye theluji. Baadaye alituambia kwamba dereva aliyekwama na mlevi aliyekwama hawana tofauti kubwa, wote huanza kwa kukudanganya wako wapi.

Wakati huo kituo chetu cha simu kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la matairi hapa Charleston, na nguo zetu zilinuka mpira mpaka Jumapili kanisani. Vituo vya tiba jimboni vilikuwa vichache, na anayepiga simu mara nyingi aliambiwa ajaribu Ohio au Pennsylvania. Bi Verlene hakuupenda ushauri huo. Kadi ya bima ya jimbo haivuki mpaka, na mtu mwenye kesi ya mtoto mahakamani akiondoka jimboni bila ruhusa anaweza kumpoteza mtoto. Tena aliona kwamba aliyepelekwa mbali, siku akirudia ulevi, huanguka mahali asipojulikana. Basi likizo zake za kiangazi akawa anazitumia kuzunguka jimbo na gari lake, kutoka Wheeling hadi Bluefield, akivitembelea vituo kimoja kimoja. Alikula chakula chao, akazungumza na wapishi, na kila mahali akaomba kuonyeshwa choo. "Nyumba isiyosafisha choo," alisema, "haitamsafisha mtu."

Alikosea pia, na kosa lake maarufu tulicheka nalo miaka. Mahakama moja ilimwombea nafasi mtu aitwaye Carroll, jina ambalo kwetu hubebwa na wanawake na wanaume. Bi Verlene akampatia nafasi upesi, akajipongeza kwa donati. Kesho yake Carroll akapiga simu, sauti nzito kama ngurumo.

"Mama, nimepokelewa vizuri sana. Chakula kizuri, vitanda laini."

"Basi tatizo nini?"

"Hapa wote ni wanawake."

Tangu siku hiyo kila aliyepiga aliulizwa, hata mwenye sauti ya fahali: "Wewe ni mwanamume au mwanamke? Usicheke, nina sababu zangu."

Katika mengi aliyoyafanya, nimechagua habari za Hobart Mullenax. Bwana Mullenax mwenyewe ameniruhusu nizieleze, akaongeza kwamba nikipamba atakuja kunitafuta.

Hobart alikuwa mchimba makaa wa zamani, mgongo umeharibika, akiishi na mama yake mzee, Bibi Icie, juu kabisa kwenye bonde moja la kusini mwa jimbo. Alianza na vidonge vya maumivu, vidonge vilipoadimika akahamia kwenye wiski. Aliyetupigia ni binti yake Twyla, mpishi wa shule, asubuhi ya mwezi wa Februari. Hakuwa akiomba kitanda, yaani nafasi kwenye kituo cha tiba. Alitaka tu kuthibitisha jambo moja: amempata mtu kwenye simu anayempa baba yake tiketi ya ndege ya bure hadi Florida, kwenye kituo kilicho ufukweni, na ndege inaondoka kesho. Je, ampakie nguo za joto au hakuna haja?

"Usipakie chochote kwanza," Bi Verlene akasema. "Niunganishe na huyo mtu. Mwambie mimi ni shangazi."

Twyla akamuunganisha, na Bi Verlene akaweka spika tusikie. Kijana aliyepokea alijitambulisha kwa jina la Chase, mchangamfu kama muuza magari.

"Karibu, shangazi! Tutamhudumia mzee kama mfalme."

"Ahsante, mwanangu. Huyu mzee anakunywa chupa nzima kwa siku. Akipata degedege humo ndani ya ndege, nani atamshika?"

"Shangazi, tuna wataalamu."

"Ndani ya ndege?"

"Huku, huku kituoni. Madaktari bingwa."

"Nitajie mmoja."

"Ni wengi sana, shangazi."

"Ndiyo maana nimeomba mmoja tu."

Tuliokuwa chumbani tuliacha kuandika.

"Mwanangu Chase," Bi Verlene akasema kwa upole, "mama yako anaijua kazi unayoifanya?"

Simu ikakatwa; madalali kama huyo hulipwa kwa kila mgonjwa wanayempeleka, apone asipone. Twyla, aliyekuwa bado kwenye laini, akaangua kilio. Alisema tiketi ile ndiyo iliyokuwa tumaini lake pekee, na kwamba anakwenda sasa hivi kumwaga pombe yote ya baba yake kwenye sinki.

"Usiimwage!"

"Yaani nimwache anywe? Wewe si ndiye wa kuzuia pombe?"

"Nisikilize. Mtu wa kiwango chake ukimkatia ghafla, arosto yake inaweza kumuua. Mwache na kiasi chake mpaka afike mikononi mwa daktari. Na mimi sasa namtafuta daktari. Mpe baba simu."

Hapa ndipo palipokuwa na ufundi wake. Sisi wengine tulikuwa tunamuuliza mtu anataka kituo gani. Yeye aliuliza: "Nini kinakuzuia kutoka hapo nyumbani?" Hobart alizunguka kidogo, akalaumu mgongo, akalaumu serikali, mwishowe akasema kitu cha kweli. Nyumba yao inapashwa joto kwa jiko la makaa. Bibi Icie ana miaka themanini na kitu, macho yamefifia, hawezi kubeba ndoo. "Nikiondoka, nani atamwashia mama jiko? Atakufa kwa baridi, nami nitakuwa nimelala kwenye mashuka meupe."

"Nipe saa moja," Bi Verlene akamjibu.

Saa hiyo hakuitumia kutafuta kitanda. Alimpigia mkuu wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea cha bonde lile, na wakakubaliana kwamba vijana wake watakuwa wakipita kila asubuhi kujaza ndoo na kuwasha jiko. Alipompigia Bibi Icie kumweleza, bibi alitaka kuhakikisha amesikia sawasawa.

"Wanaume wa zimamoto? Kila asubuhi? Humu ndani kwangu?"

"Ndiyo, Bibi."

Kwenye spika tukamsikia akigeuka na kupaza sauti: "Hobart! Nenda, mwanangu. Kaa huko upendavyo!"

Kitanda chenyewe kilipatikana mji wa Elkins, kwenye hospitali yenye wodi ya kumsimamia mtu anapoachishwa pombe. Muuguzi wa mapokezi alikubali kukishikilia hadi saa kumi jioni, si zaidi, kwa sababu kulikuwa na mwingine aliyekihitaji. Twyla akamwingiza baba yake garini, wakaanza safari na theluji nyepesi ikidondoka.

Mchana Twyla akapiga. Walisimama kuweka mafuta, baba yake akashuka kana kwamba anakwenda msalani, akaingia mgahawa wa jirani, akaketi, akaagiza maharage na mkate wa mahindi, na sasa hataki kuinuka. Bi Verlene akaomba apewe.

"Bi Verlene, mimi si teja," Hobart akaanza.

"Sijakuita teja."

"Huko nitalazwa na wahuni."

"Utalazwa na watu wa jimbo lako. Wahuni wapo, sikufichi. Kama hapo ulipo hakuna hata mmoja, niambie jina la mgahawa, nami nije kula."

Hobart akacheka. Kicheko kilipoisha, sauti yake ilikuwa nyingine.

"Naogopa, mama."

"Kipi hasa?"

"Nishindwe. Bonde zima linajua nimeondoka. Nikirudi nikiwa vile vile nitauweka wapi uso wangu?"

"Ukishindwa utanipigia, nami nitakutafutia kitanda kingine. Ukishindwa tena, utanipigia tena. Hiyo ndiyo kazi yangu, Hobart, na sijaanza kuichoka. Maliza maharage yako uingie garini."

Alipokata, saa kumi ilikuwa haiko mbali na Elkins bado ilikuwa juu ya mlima. Akampigia muuguzi kuomba muda zaidi. Muuguzi akasema hawezi, yule mwingine yuko pale kwenye kiti, anatetemeka. Bi Verlene hakubishana, kwa kuwa aliyekaa kwenye kiti naye alikuwa na mtu anayemlilia. Akauliza habari zake, akapiga simu kwa kila aliyemfahamu, na hatimaye akampatia kitanda Morgantown pamoja na gari la kumfikisha. Hobart alipoingia Elkins, giza limeanza, kitanda chake kilikuwa kinamsubiri.

Ingekuwa hadithi ya kutunga ningemalizia hapo. Hobart alitoka Elkins, akapelekwa soba ya Beckley, nyumba wanamokaa pamoja watu walioacha ulevi, akakaa vizuri miezi kadhaa, akarudi nyumbani, na majira ya joto akanywa tena. Siku ya tatu ya kunywa alipiga simu. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo: "Habari za mgongo? Haya. Unatapika? Haya. Usiache ghafla, nimekwambia zamani. Nipe saa moja." Hakukuwa na lawama wala mahubiri. Alirudishwa wodini, kisha Beckley kwa mara ya pili.

Alikuwa Beckley vuli ile Bibi Icie alipougua. Msimamizi wa soba akampa ruhusa, Twyla akamfuata, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa kando ya kitanda cha mama yake. Twyla ndiye aliyetusimulia yaliyofuata. Bibi hakuwa akiona tena. Aliuliza nani ameingia, akaambiwa ni Hobart.

"Sogea nikunuse," akasema.

Hobart akainama. Bibi akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamnusa mdomo, akamnusa shingo, akamnusa kola ya shati.

"Unanukia sabuni," akasema, na hakumwachia mkono mchana kutwa. Alifariki alfajiri iliyofuata.

Bi Verlene alipopata habari hizo alitoka nje, akachukua kitambaa, akasafisha vioo vya gari lake vyote, ndani na nje. Ndivyo alivyozoea kufanya. Alifanya hivyo pia kwa wale waliotafutiwa kitanda wasifike, na kwa wale aliowapigia simu zikaita bila kupokelewa tena. Hao nao walikuwepo, na ni wengi kuliko tungependa kukumbuka. Gari lake lilikuwa safi kuliko yote uwanjani, na hakuna aliyelitania.

Hobart hajanywa tangu hapo. Siku hizi anaendesha gari la kujitolea, akiwapeleka watu wa kusini kwenye vitanda vyao, na kazi zake nyingi zilipangwa na yule yule mpanga safari wa malori ya makaa.

Leo jimbo lina vituo vingi kuliko alivyovikuta. Hatusemi ni kazi ya mtu mmoja. Lakini kila mara jirani walipokuja na mabango kupinga soba isifunguliwe mtaani kwao, Bi Verlene alikwenda kwenye kikao, akaketi kiti cha mbele na kikapu cha mikate ya pepperoni, ile ya kwetu yenye soseji ya pilipili ndani, akaigawa kwa wote, kisha akauliza kwa adabu: "Watoto wenu wakiugua, mngependa watibiwe umbali gani kutoka hapa?" Mara nyingine kura ilikwenda upande wake. Mikate iliisha mara zote.

Sasa anahamia kwa dada yake karibu na Elkins. Anasema atalima nyanya, ataimba kwaya, na hatampa mtu yeyote namba yake, kauli ambayo hakuna aliyeiamini.

Siku ya mwisho tulimwandalia chakula ofisini. Mkurugenzi alikuwa katikati ya hotuba na Bi Verlene ana sahani mapajani, ndipo simu ya laini kuu ilipolia. Sote tukageuka kumtazama. Miaka ishirini na mitatu ilitufundisha kutazama upande huo. Yeye akatafuna, akameza, akafuta mdomo.

"Mnaniangalia nini? Pokeeni," akasema. "Mimi nakula."

Ahsante kwa yote, Bi Verlene. Nyanya zako ziive, mwili wako uwe na afya, na dada yako akuvumilie. Simu ile tuliipokea, na aliyepiga amepata kitanda. Kula taratibu, mama.

Garnet Posey
Dawati la pili