Pipa la Scola Lililofunikwa kwa Khanga

Marehemu Scola Hilari alizaliwa Kabungu tarehe 4 Juni 1954, nyumbani kwa mrina asali. Alisoma hadi darasa la nne, kisha akabaki kumsaidia baba yake kukamua masega.

Mwaka 1974 aliolewa Kasokola na Manyanda Makoye, kwa mahari ya ng'ombe. Kazi yake ya kwanza ukweni ilikuwa kutengeneza wanzuki, pombe ya asali, wa harusi ya shemeji yake. Msiba ukaingia, harusi ikaahirishwa. Mfuniko wa pipa ukaazimwa msibani, naye akafunika pipa kwa khanga. Siku ya harusi mzee wa kwanza alionja, akakunja uso kama aliyetafuna ndimu.

"Ametuaibisha!" wifi yake Suzana akafoka. "Arudi kwao, na ng'ombe zetu zirudi!"

Marehemu alijaza galoni moja, akaenda Mpanda mjini kwa Rabia, muuza achari. Rabia alinusa, akachovya kidole, akacheka mpaka mtandio ukamdondoka.

"Mwanangu, pombe nisingeigusa. Hii imeshavuka huko, ni siki safi. Leta pipa lote!"

Ng'ombe zikabaki Kabungu, na mke akabaki Kasokola.

Siki ikawa kazi yake ya maisha. Alichanganya asali na maji, akaacha yachachuke yawe wanzuki, kisha akafunika kwa kitambaa ili hewa ipite, mpaka utando ukae juu na harufu ipande puani. Debe la bati hakuligusa, maana siki hulitoboa. Akitaka kujua ukali, alitumbukiza ganda la yai: likitoa mapovu na kulainika, imeiva. Siki ile ilitia ladha achari, ikaondoa shombo ya samaki na magamba meupe ya birika. Mwalimu Melkiadi wa kemia alimweleza kwamba viwandani asidi ya namna hiyo hutumika kutengeneza gundi ya mbao na nyuzi za nguo.

"Kumbe!" akasema marehemu. "Basi hata hapa haijamaliza kugeuka."

Mwaka 2009 binti yake Kija alifukuzwa na mumewe, akarudi na mfuko mmoja. Marehemu alimpa mwiko.

"Koroga asali hiyo, mwanangu. Hujaharibika wewe. Unageuka tu."

Kija alikoroga huku analia, akamaliza anacheka.

Moyo ulianza kumsumbua marehemu mwishoni mwa 2024. Suzana ndiye aliyemnywesha uji.

"Wifi, nikifa mtadai ng'ombe?"

"Tuzidai wapi? Kwenu walishazila zote!"

Wakacheka mpaka uji ukamwagika. Alifariki nyumbani tarehe 11 Machi 2025.

Ameacha watoto wawili, Nashon na Kija, wajukuu saba, na wifi Suzana, aliyeagiza achari yenye siki ya marehemu iliwe leo na kila mtu, hata waliowahi kukunja uso.

Jikoni lipo pipa alilolianza mwenyewe. Limefunikwa kwa khanga, na Kija analingojea.

Lala, mama. Hapa ni kwako. Hakuna wa kukurudisha.