Mzee Bawaba na Jengo Lisilo na Thamani

Baada ya kulitunza jengo la tawi letu la benki kwa miaka thelathini na minne, Mzee Bawaba anastaafu leo, Ijumaa tarehe 30. Jina hilo tulimpa sisi wa kaunta, kwa sababu ya kikopo cha mafuta kisichotoka mfukoni mwake. Makao makuu wanamfahamu kama "mhudumu, daraja la mwisho", na tunawashukuru kwa kumkumbuka.

Alishuhudia maboresho mengi. Kwanza iling'olewa milango ya mbao, tukapata ya kioo inayotupika kwa jua kuanzia saa nne. Kisha ikaondoka kaunta ndefu aliyoing'arisha kwa mikono yake, ikaletwa ya plastiki iliyobonyea kabla ya mwaka kuisha. Saa ya ukutani nayo ilishushwa. Tangu hapo tunawauliza wateja. Kila waraka ulisema vya zamani vitupwe. Mzee aliitikia "ndiyo, bosi" kwa heshima zote, na kwa heshima zote hakutupa kitu. Kila kipande alikipeleka kwenye chumba cha zamani cha hazina, akakifunga kwenye gunia na kuandika kwa chaki kilikotoka.

Mwaka jana makao makuu waligundua kwamba jengo halina thamani yoyote, hivyo libomolewe. Wakaleta wataalamu wa majengo ya kale wathibitishe. Wataalamu wakatazama plastiki, wakatikisa vichwa, wakatoa kalamu. Meneja alishaanza kutabasamu. Mzee Bawaba, ambaye hakuwemo kwenye orodha ya wazungumzaji, akawaomba wapite huku nyuma kidogo tu. Akaunyanyua mlango wa chuma wa chumba cha hazina, akausukuma kwa bega. Mtaalamu mmoja alipoona yaliyomo, aliketi juu ya gunia na kuomba maji.

Jengo halibomolewi tena. Kibao cha shaba kimeshawekwa, kinawapongeza mameneja saba kwa kuona mbali, wakiwemo watatu walioamuru vitu vitupwe. Jina la Mzee halikupata nafasi. Tunaambiwa kibao ni kidogo. Aliyekifunga skrubu ni yeye mwenyewe, akipiga mluzi. Sisi ilituuma.

Asante, Mzee wetu. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na mama watoto akuvumilie utakapoanza kupaka mafuta milango ya nyumbani. Zawadi yako tuliificha jana kwenye chumba cha hazina ulipouacha mlango wazi, kisha tukaufunga usije ukaiona. Tangu asubuhi tumenyanyua, tumesukuma, na meneja amepiga teke.

Tafadhali njoo utufungulie.