Meno ya Foklifti ya Mama Nzisa

— Anayejua ataniita mwongo aniite saa hii, halafu aende akadanganywe kwake! — alisema Munyao, akajipenyeza katikati ya benchi bila kuomba nafasi.

Benchi lenyewe liko nje ya stoo ya ndengu ya Mama Nzisa, hapa Mbumbuni, mahali wapakiaji hungojea lori wakinywa kahawa anayouza Kanyiva. Siku hiyo walikuwepo Kimeu, aitwaye Tani Moja kwa sababu ya mabega yake, na Nyamai, aitwaye Pasta kwa sababu hawezi kubeba gunia bila pambio. Munyao ndiye mdogo wao. Aliacha shule darasa la saba akidai walimu wameishiwa na cha kumfundisha, wenzake wa benchi wakamwita Injinia ili anyamaze. Hakunyamaza. Sasa Mama Nzisa alikuwa amemwita ndani peke yake, naye akatoka anatembea kama mtu aliyevaa koti jipya.

— Mama ananunua foklifti, ile mashine ya kuinua mizigo. Ya stima. Amesema mimi ndio nichague. Nikichagua poa, mimi ndio dereva. Anataka jibu kabla lori ifike.

— Wewe? Hata baiskeli ilikushinda, — akasema Tani Moja.

— Baiskeli ni ya kukanyaga, buda. Hii ni ya kukaa.

— Na mbona asinunue ya dizeli? — akauliza Pasta.

— Moshi. Wanunuzi wanalia ndengu zetu zinanuka lori.

— Hiyo ni kweli. Zile nilipika Jumapili zilikuwa na ladha ya gereji.

— Na sisi? — akauliza Tani Moja. — Mashine ikija, sisi tunafanya nini?

— Wacha kwanza tumalize mambo ya betri, — Munyao akajibu upesi. — Ziko mbili. Kuna ya maji, hiyo unaiongezea maji safi na inachaji usiku mzima. Halafu kuna ya lithiamu, hiyo inashiba ukienda chai.

— Chukua ya maji. Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki, — akasema Tani Moja.

— Si hiyo inasema usichukue!

— Inasema ukichukua usimwage.

Pasta alikuwa na hofu ya stima. Mashine ikichajiwa siku ya ibada, stima itapungua na kinanda cha kanisa kitalia kama mbuzi.

— Na stima ikipotea gunia ikiwa juu?

— Iko na betri, Pasta.

— Na betri inatoa stima wapi?

Munyao akanywa kahawa.

— Aka! Nyinyi hamjui mashine, — akasema Tani Moja. — Betri inakaa nyuma, nzito, ndio isipinduke ikiinua. Kwa hivyo wachana na lithiamu, hiyo ni nyepesi. Angalia makalio. Ile iko na makalio makubwa, hiyo ndio ya kununua. Na mtu asisimame nyuma yake na simu. Itanyonya chaji yote.

— Itanyonya hata mtu, — akaongeza Pasta. — Mwili uko na stima. Ndio maana jioni tunazimika. Dereva wa hiyo kitu hatapata watoto.

Munyao alibana magoti taratibu.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, — akasema. — Ndio maana wameiwekea magurudumu.

Mama mmoja mgeni, Fartun, aliyekuja kununua ndengu za kupeleka Tseikuru, alikuwa amesimama mlangoni akitazama ndani. Magunia yalikuwa yamelazwa sakafuni bila ubao chini yake, yamepandana kifua kwa kifua mpaka karibu na mabati. Tani Moja huyapanga hivyo, na hujivunia kwamba kisu hakipiti katikati.

— Hiyo mashine iko na meno mawili ya chuma mbele, si ndio? — akauliza.

— Ndio, mama.

— Na inayaingiza chini ya mzigo ndio iinue?

— Ndio hivyo.

— Sasa hapa itayaingiza wapi?

Wote wakageuka kutazama magunia. Kanyiva alifunga thamosi. Kule chini kwenye mteremko, lori likapiga honi.

— Injinia, jibu mama, — akasema Pasta.

Tani Moja akamwekea Munyao mkono begani, mkono mzito kama gunia lenyewe.

— Usijali, kijana. Sisi tuko. Tutainua moja moja tukuwekee kwa meno. Wewe kaa kwa kiti, endesha.

Munyao aliweka kikombe kitupu chini.

— Hamtakuwepo, — akasema. — Mama alisema hiyo mashine ikija, anabaki na mimi peke yangu.