Kulitafuta Kosa la Seth

Benchi letu liko Ilazo, limeegemea ukuta wa duka la saruji chini ya paa la baraza, na wanaolikalia ni watu waliokuja Dodoma kwa usaili wa kazi wakashindwa kurudi makwao. Kila mmoja alishuka kwenye basi akiwa na bahasha ya vyeti na shati lililopigwa pasi. Kila mmoja alipanga chumba cha kungojea majibu. Majibu yakatoka, chumba kikabaki. Tuna desturi ambayo sijaiona katika kijiwe kingine. Mtu akikosa kazi hatumpi pole, tunamchekecha. Huketishwa katikati, hupewa kahawa, kisha husimulia usaili wake wote, wa kuandika na wa ana kwa ana, nasi husikiliza kama wanawake wanaochekecha unga, mpaka libaki juu ya chekecheke lile neno la Kiingereza alilolikosea. Hakuna aliyechekechwa akaondoka bila neno lake. Akishalipata, usiku ule hulala. Jumatatu ile, mchana wa mvua ya kwanza, zamu ilikuwa ya Seth.

Majina ya waliopata kazi ya utunzaji kumbukumbu yalikuwa yametoka asubuhi, na lake halikuwamo. Wakati huohuo mkewe, Ruthu, alikuwa amempigia simu kutoka Mlali. Ardhi imelowa. Jirani amewaazima maksai na plau kwa siku ya kesho peke yake. Mmoja awaongoze ng'ombe, mwingine ashike plau. Mtu mmoja hawezi. Basi la mwisho la kuelekea huko linaondoka saa kumi alasiri.

— Nimjibu nini? Seth aliuliza.

— Kwanza tulijue neno, alisema Kamusi. Mtu hawezi kupanda basi hajui kilichomwangusha. Utafika kwa mkeo umwambie nini? Kwamba umeanguka tu, kama embe?

Kamusi ndiye Obadia, mkongwe wa benchi. Aliwahi kuandika accommodation kwa m moja, na tangu siku hiyo huiandika upya kila asubuhi, kwa kidole, juu ya vumbi la ukuta wa duka.

— Haya, anzia mlangoni.

— Niligonga. Wakasema come in. Nikasema good morning, nikasimama mpaka waniambie nikae.

— Walisemaje?

— Have a seat.

— Na wewe ukasema?

— Thank you.

— Ulimi ulitoka kwenye thank? aliuliza Ambokile. Hukusema tenk?

— Ulitoka.

— Ulitoka kiasi gani?

— Bubu, acha mtu asimulie, alisema Kamusi.

Ambokile huyu, kijana wa Tukuyu, tulimpa jina la Bubu, na si kwa ukimya, maana hajawahi kunyamaza. Kwenye mtihani wa mchujo aliandika receipt bila p. Herufi isiyosikika ndiyo iliyomzika, na kwake dunia nzima imekuwa herufi zisizosikika.

— Turudi kwenye wa kuandika, alisema Kamusi. Maintenance.

— Nilitia e katikati. Si kama maintain.

— Privilege.

— Haina d.

— Wengi huitia d.

— Najua, kaka. Nimekaa hapa msimu mzima nikikusikia.

— Definitely.

— Sikuitumia.

— Kwa nini?

— Niliiogopa.

— Basi ndiyo hiyo, alisema Bubu. Waliuona woga.

— Woga si neno, alisema Kamusi. Tunatafuta neno.

Ndipo Edward akajiinua kidogo. Yeye ni Hansadi, kwa kuwa hukumbuka kila kilichosemwa benchini kama kumbukumbu za Bunge, na hukirudia mtu akikana. Tangu shuleni, katika kila risala aliyowahi kuisikiliza, aliisikia last but not list. Akakua nayo, akaipenda, akaenda kuitamka mbele ya jopo kwa sauti ya juu, akiwa ameiwekea tabasamu.

— Ulifungaje maelezo yako? alimuuliza Seth taratibu.

— Last but not least.

— Sema tena.

— Least.

Hansadi alishusha macho.

— Amepita, alisema.

— Ulisema take for granted popote? alidakia Kamusi.

— Nilisema. Granted.

— Kuna mwenzetu alisema granite, kama jiwe.

— Yuko wapi siku hizi? aliuliza Bubu.

— Makutupora. Anavuna zabibu za watu.

Paskazia, mama wa Kigogo mwenye birika, alipita akijaza vikombe. Alijua kwamba kikombe cha pili huja mtu akiwa karibu na neno lake, na cha tatu huja likiwa limepatikana. Siku hiyo alijaza cha tatu, akatutazama, akarudi kwenye mkaa wake.

Maana neno halikuonekana. Tulimrudisha Seth mlangoni, tukamtoa, tukamrudisha tena. Tulimwandikisha kwa kidole ukutani maneno yote yaliyowahi kutuua: February na r yake ya kwanza, Wednesday na d yake, separate, receive, knowledge. Aliyaandika yote bila kusita, kwa mwandiko mzuri, na kila alipomaliza moja uso wa Kamusi ulizidi kusawijika.

— Mwanangu, mbona hukosei? alisema hatimaye, kama mtu anayelaumu.

— Si mlinifundisha nyinyi?

— Tulikufundisha. Hatukujua kama utashika.

Bubu akasema kwamba jibu analo. Akasema herufi bubu za Kiingereza si herufi, ni walinzi. Zimewekwa ndani ya neno kusikiliza nani kazaliwa ndani ya nyumba ile na nani kaingilia dirishani.

— Unaweza kuiandika p ya receipt, alisema. Lakini unaiandika ukijua ipo. Wenyewe huiandika bila kujua. Ile kujua ndiyo wanayoiona.

— Wataionaje? Karatasi haisemi, alisema Hansadi.

— Mkono unapunguza mwendo. Wino unakolea pale kwenye p.

— Usaili wenyewe tunafanyia kompyuta siku hizi, Bubu. Wino gani?

— Basi kidole. Kidole kinachelewa.

Kamusi alitikisa kichwa.

— Tunahangaika na chumba, kumbe kosa si la chumbani. Seth, pale getini ulizungumza na mlinzi?

— Nilimsalimia.

— Kwa lugha gani?

— Kiswahili. Shikamoo.

— Ndiyo hapo. Nani kakwambia yule ni mlinzi? Mimi nimefanya usaili mara nyingi kuliko nyinyi nyote, na nimeona jambo moja. Jopo huuliza maswali, lakini mlinzi peke yake ndiye anayemwona mtu kabla hajajiandaa. Ungemwambia good morning pale getini, sasa hivi ungekuwa unatafuta nyumba kule Kisasa, mtaa wa wenye kazi.

— Kamusi, yule mzee alikuwa anakula muhogo.

— Ndivyo wanavyofanya.

Simu ya Seth ililia. Aliiangalia mpaka ikakatika. Wote tulijua ni Mlali.

— Mpigie, alisema Paskazia kutoka kwenye mkaa. Mwambie unakuja. Ardhi hailali na maji ikikusubiri, baba.

— Namalizia kidogo, mama.

— Hii ndiyo mvua ya kupandia. Ikikauka, mwaka umekwenda.

— Mama, tuache kwanza, alisema Kamusi kwa upole. Tuko karibu.

Hatukuwa karibu. Hansadi alisema kwa sauti ya mtu aliyesoma jambo baya sana mahali fulani.

— Nimeyapitia yote. Seth hakukosea, na hilo ndilo kosa.

— Fafanua.

— Mwenyekiti wa jopo, yule mtu mzima. Seth, mwanzoni alisema nini alipowatambulisha wenzake?

Seth alifikiri.

— Alimtambulisha wa mwisho. Akasema last but not list.

Benchi lote liliguna.

— Mmesikia, alisema Hansadi. Mtu mzima, na gari lake la serikali, kaisema kama nilivyoisema mimi. Halafu huyu kijana anafika mwisho wa maelezo, anamtazama usoni, anamwambia least. Mbele ya watu wake. Umemsahihisha mwenyekiti, Seth. Nani anampa kazi mtu wa namna hiyo?

— Kwa hiyo ningekosea ningepata?

— Inategemea ungekosea lipi, alisema Kamusi.

— Lakini wewe, Hansadi, ulikosea hilohilo. Kwa nini hukupata?

Hansadi alifungua mdomo. Nilimwona akilitafuta jibu kwenye kumbukumbu zake zote, kisha akaunyanyua mkono na kuushusha pajani.

— Jopo langu lilikuwa lingine, alisema.

Seth aliweka kikombe chini. Hakuwa amepaza sauti tangu asubuhi, na hata hapo hakupaza.

— Ndugu zangu. Mkiniambia nilikosea, nitasahihisha. Nimezoea. Mkiniambia sikukosea, nisahihishe nini?

Ndipo aliposimama mbele yetu binti mwenye begi mgongoni, na bahasha ya plastiki aliyoibana kwapani ili isilowe.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Alijitambulisha kuwa anaitwa Shakila, ametoka Kondoa, ana usaili kesho, na anaulizia gesti isiyo ya kelele. Paskazia alimwelekeza. Lakini binti alikuwa ameyaona maneno ya vumbi ukutani, akabaki ameyakodolea macho.

— Hayo ni ya nini?

Kamusi alimweleza, kwa heshima anayoitoa kwa wageni wa kesho. Alimweleza habari ya kuchekecha, ya p, ya m mbili, ya granite. Akamwonyesha Bubu na neno lake, Hansadi na neno lake, akajionyesha mwenyewe. Alipofika kwa Seth alisema tu kwamba bado tunatafuta. Shakila alimsikiliza hadi mwisho, kama mwanafunzi mzuri anavyosikiliza.

— Na wale waliopata, alisema, wao hawakukosea?

— Vipi?

— Nauliza tu, kaka. Waliopata kazi. Maneno yao waliyaandikaje?

Bubu alimtazama Hansadi. Hansadi, anayekumbuka kila mtu aliyewahi kuketi pale, alifumba macho. Aliyepata kazi haji Ilazo kuchekechwa. Anahama chumba usiku uleule, anapiga simu kwao, na sisi tunasikia tu kwamba chumba cha fulani kina mpangaji mpya.

— Hao hatujawahi kukaa nao, alisema Kamusi.

— Hata mmoja?

— Hata mmoja.

— Sasa mmejuaje kwamba ni maneno?

Swali lilikuwa dogo, na binti aliliuliza bila ubaya. Naamini alikuwa anataka kujua aende kulala na nini usiku ule. Kamusi aligeukia ukuta. Kidole chake kilikwenda kwenye m ya pili ya accommodation, kikatulia juu yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakikujua kifanye nini hapo. Miaka yake yote ya Dodoma ilikuwa imesimama juu ya herufi ile. Birika lilikuwa tupu. Tulisikia Paskazia akilisuuza.

— Mimi nilikosea, alisema Seth.

Tulimgeukia wote kwa pamoja.

— Wapi?

— Sijakumbuka. Lakini nilikosea.

— Seth, alisema Hansadi polepole, umetusimulia yote. Hapakuwa na...

— Kuna pahala nilipita haraka. Lipo neno. Nalisikia kabisa kwamba lipo, sema sijalishika.

Hansadi angeweza kumrudia maneno yake yote, moja baada ya jingine, tangu kugonga mlango. Kila mtu alijua kwamba angeweza. Alimtazama Seth, akautazama ukuta, akasema:

— Huenda nami sikusikiliza vizuri.

— Lipo, alisema Kamusi, na sauti yake ikawa imemrudia. Bila shaka lipo. Kesho tutaanza upya, tangu getini, bila haraka.

— Nilisema mimi, alisema Bubu. Herufi bubu hiyo. Ndiyo maana haisikiki.

Akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyetua mzigo. Shakila alitutazama mmoja mmoja. Nilidhani ataondoka. Alivua begi, akaliweka chini kwa uangalifu, akaketi kwenye ncha ya benchi na kumuuliza Kamusi kwa sauti ndogo kama katika receive hutangulia e au i.

Simu ikalia tena. Safari hii Seth aliipokea. Ni simu ya zamani, spika yake inavuja, na upande wa pili tulisikia bati likipigwa na mvua kabla hatujamsikia mwanamke.

— Umeshapanda? aliuliza Ruthu.

— Bado. Sikiliza, mama Penina. Tafuta mtu akushikie plau.

— Nimtafute wapi? Kila mtu yuko shambani kwake.

— Muombe hata shemeji.

— Shemeji ana lake. Seth, ni kesho tu. Keshokutwa maksai wanakwenda kwingine.

— Najua. Nivumilie kidogo. Safari hii nimefika karibu kuliko zote. Nimebakiza neno moja tu.

Mvua iliendelea kupiga lile bati la Mlali. Ruthu hakukasirika. Aliuliza kama mtu anayeuliza ili na yeye asaidie.

— Neno gani?

Seth alitugeukia, simu ikiwa sikioni, akangoja tumtajie.