Kitanda cha Bi Mwanahija

Kijiwe cha Masoko, nyuma ya soko la samaki, kina benchi moja na midomo mingi. Alasiri ile Bakary alikaa pembeni, kahawa inapoa mkononi. Asubuhi kampuni moja ya mikopo ya simu ilikuwa imewatumia meseji watu wote ambao namba zao zimo kwenye simu yake: Bakary ni mdaiwa sugu, kesho tunabeba kitanda. Kitanda chenyewe ni cha semadari, chenye nguzo za kuchonga, cha marehemu mama yake, Bi Mwanahija.

— Hawabebi kitu! alisema Iddi, aliyeitwa Wakili kwa kuwa aliwahi kutoa ushahidi kwenye kesi ya mbuzi. Kubeba kitanda cha mtu bila amri ya mahakama ni wizi. Na kumtangaza mdaiwa kwa watu, sheria inakataza. Kashitaki leo leo! Haraka haraka haina baraka.

— Sasa hapo umemhimiza au umemzuia? aliuliza Romani, muuza kahawa.

— Vunja laini, bwana, alisema Suleiman Mtandao, mjuzi wa mambo ya simu. Hamia kisiwani Songo Songo.

— Songo Songo na simu hazifiki? alidakia Romani.

— Basi tumtangaze kafa! Deni hufa na mwenyewe.

— Hufa wapi! alisema Iddi. Kabla ya kuzika watauliza nani anamdai marehemu. Na hao jamaa namba zetu wote wanazo!

Wakaangua kicheko. Bakary naye akacheka kidogo.

— Zamani mngenizika vizuri, alisema. Mnakumbuka? Msiba ukiingia, huyu kaja na mchele, yule nazi, yule mzigo wa kuni. Mfiwa hajui hata jiko kaliwasha nani. Na mama alikuwa wa kwanza kufika, ungo kichwani.

— Ah, Bi Mwanahija! Iddi akashusha pumzi. Siku zile, bwana wee.

Bakary akatamani zirudi hata kwa siku moja.

Ndipo akasogea Stefano, mwalimu aliyehamia juzi kutoka Masasi.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Samahani, hivi mzee Bakary hiyo pesa alikopea nini?

Wazee wakachungulia vikombe vyao. Bakary alikuwa amekopea arobaini ya mama yake. Wote pale walikuja mikono mitupu, wakala pilau wakashiba, na Iddi alifungiwa nyingine ya kupeleka nyumbani. Bakary aliinamisha macho, asiwaumbue.

Iddi akakohoa, akamgeukia Romani.

— Kahawa ya Bakary iandike kwangu. Nitakulipa kesho.