Chengo Ziro Menza, Mtunga Mashimo na Mshika Funguo

Chengo Ziro Menza alizaliwa tarehe 14 Agosti 1978 hapa Kinango, mtoto wa nne wa mzee Ziro na mama Mbeyu. Alikuwa mwepesi wa miguu tangu utotoni. Ukimtuma chumvi, alirudi na habari za vijiji vitatu, na mara nyingine chumvi ameisahau. Aliyemjua zamani hangeamini kwamba atakuja kukaa mahali pamoja karibu miaka kumi na moja.

Alisoma hapahapa na kumaliza sekondari mwaka 1997. Siku moja aliandika insha ya watu waliopotea shimoni. Mwalimu akamuuliza, "Shimo hili limechimbwa na nani?" Darasa zima likamcheka, na tangu hapo hakusimulia tena shimo asilojua asili yake.

Mwaka 2001 aliajiriwa katika hoteli moja ya Diani, upande wa kuwachangamsha wageni. Mgeni mmoja alimfundisha mchezo ambapo kila mtu mezani hujifanya shujaa, msimulizi huwatembeza katika mashimo na mahandaki ya kubuni, na dadu zenye pembe nyingi huamua nani atapona. Alinogewa hasa. Wengine walisimulia mashimo ya wafalme wabaya. Yeye alisema, "Mfalme mbaya amechoka, mpumzisheni." La kwake moja lilikuwa tumbo la samaki chewa aliyemeza kijiji kizima, na wanakijiji wakaendelea kupika na kuozana humo ndani. Jingine lilikuwa jiko la majini ambao bibi harusi wao hakufika. Pilau lilichemka miaka mia, mvuke wake ukachimba mahandaki.

Tarehe 12 Aprili 2003 alifunga ndoa kanisani Ukunda na Kahaso Charo, wakajaliwa binti, Sidi. Kahaso hakuucheza mchezo ule hata mara moja. "Maisha yangu yanitosha," alisema, "sihitaji ya kuazima."

Mei 2014 hoteli ilifungwa. Meneja alimwachia Chengo funguo zote na kumwambia, "Usimpe mtu yeyote isipokuwa mwenye hoteli." Meneja hakurudi. Wenye hoteli walipelekana mahakamani, kila mmoja akidai ni yake, na hakuna aliyekanyaga pale. Chengo na mkewe walihamia humo hotelini, chumba cha nyuma ya dobi, palipokuwa pakifuliwa nguo. Kuondoka aliogopa, maana mlinzi wa hoteli jirani aliondoka, jenereta ikaibwa, akafungwa yeye. Mzee Ziro alipofariki mwaka 2018, Chengo alitupa udongo kaburini akarudi Diani kabla ya chakula. Sisi nduguze tulimkasirikia sana. Ahadi ni deni, lakini deni lile halikuwa na wa kulipwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na aliumia Kahaso vilevile.

Jumapili vijana wa Ukunda na Tiwi walimfuata kucheza pale mapokezi. Miaka ya mwisho aliwatungia gereza. Luqman, mmoja wao, akauliza, "Hili nalo limejengwa na nani, kaka?"

"Hakuna aliyelijenga. Watu walisimama wakimngoja mtu, kuta zikaota."

Vijana walicheka. Kahaso alikuwa akipita na maji, naye hakucheka.

Januari mwaka huu, 2025, figo zilimwangusha. Madaktari wa Msambweni walitaka alazwe, akakataa. "Nikilala huko, funguo nimwachie nani?" Miguu ilivimba hadi magotini, nasi tulimsihi mpaka tukachoka.

Asubuhi ya tarehe 10 Februari, Kahaso alivaa gauni lake la kanisani, akatokea mlango wa nyuma, akazunguka, akaingia kwa lango kubwa. Alimkuta mumewe ameketi mapokezi.

"Wewe ndiye Chengo?"

Chengo alizishika funguo kiunoni. Katika mchezo wake hakuwahi kumwambia mtu kwamba siye yule anayejifanya kuwa.

"Ndimi. Nawe ni nani, bibi?"

"Mimi ndiye mwenye hoteli. Nimekuja kupokea funguo."

"Mbona umekawia hivi?"

"Nimekawia. Niwie radhi, Chengo. Umelinda vyema."

Chengo alilia kama mtoto. Akazifungua funguo kiunoni, akamtajia mlango mmoja baada ya mwingine, naye Kahaso akaitikia kila mmoja. Adhuhuri alikuwa amelazwa Msambweni. Wauguzi wanasema alipenda kupelekwa nje aone barabara. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025.

Ameacha mjane, Kahaso, binti, Sidi, mama yake, Mbeyu, ndugu watano, na akina Luqman, ambao mashujaa wao bado wamo gerezani mle. Kahaso ameomba maneno yake yasomwe kama alivyoyasema: "Funguo ninazo. Mwenyewe akizitaka, aje Kinango. Jumatatu nahama Diani, wala simngojei mtu."

Mungu akupe, Chengo, usingizi usio na zamu.