Nipangieni Kipande Changu

Wazee, shikamooni. Wenzangu wote, Bwana asifiwe. Mchungaji ameniomba nizungumze kwa ufupi. Nitajitahidi, ila sina hakika, maana jambo lenyewe limenikaa kooni tangu miaka ile ya korona na leo nalitoa. Sitataja jina la mtu. Wengine mmo humuhumu na mnajijua.

Mnanifahamu, mimi ni dobi wa hospitali. Nafua mashuka ya wagonjwa. Korona ilipoingia, ninyi mliwekewa ndoo za kunawia mlangoni pa kanisa, shule zikafungwa, msiba ukawa wa kuzika na kutawanyika. Kwetu kule kazi iliongezeka maradufu. Mashuka tunayachemsha, tunayaloweka kwenye dawa, mpaka mikono inachubuka ndani ya glavu. Nikitoka naoga hukohuko. Nikifika nyumbani nabadilisha nguo kwenye banda la mbuzi kabla sijamwamkia mama mkwe wangu, maana ni mzee, na tunaishi wawili tu tangu mume wangu afariki. Hebu niambieni, nani kati yenu alikuwa msafi kunizidi?

Lakini mimi ndiye niliyekuwa korona yenyewe. Bodaboda akiniona anajifanya anaongea na simu. Watoto wanaitwa ndani. Nilienda dukani kununua sabuni, nikaambiwa nisimame hapohapo barabarani, nikarushiwa. Sabuni, jamani! Mtu anayewafulia wagonjwa wenu anarushiwa sabuni kama mbwa anayerushiwa mfupa! Hayo niliyameza. Lililonishinda ni la maji.

Nina shamba la tangawizi chini ya mfereji. Mshahara wa dobi mnaujua, kwa hiyo tangawizi ndiyo inayotulisha. Na mwaka ule kila nyumba ilikuwa inachemsha tangawizi na malimau, walanguzi wanapanda mlimani wenyewe kuitafuta. Basi pembe ikapigwa, watu watoke msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, maana ndiva, bwawa letu la maji, imejaa tope na mfereji umeziba. Utaratibu wetu nani asiyeujua? Ukitoka na jembe, unapata zamu ya maji. Usipotoka, hupati. Nikatoka na jembe langu.

Msimamizi wa maji akanisimamisha kwa mbali. "Mama, wewe rudi tu nyumbani. Ukiyashika maji huku juu, yatateremka na ugonjwa mpaka kwenye mashamba ya watu."

"Lakini nimekuja kufanya kazi."

"Kazi tumekusamehe. Kapumzike."

Nikarudi. Nikadhani kweli nimesamehewa. Zamu zilipopangwa, nikarukwa. Nikamfuata, nikasimama mbali kama walivyotaka, nikamuuliza zamu yangu iko wapi. Mnajua alinijibu nini?

"Wewe hukutoka msaragambo."

Ndugu zangu, hebu sikieni! Mtu anakurudisha nyumbani kwa mdomo wake, halafu anakunyima maji kwa sababu ulirudi nyumbani! Na watu walikuwapo, wamejaa. Watu wazima, wenye akili zao, waliobatizwa, wanaangalia vidole vyao vya miguu!

Majani ya tangawizi yakaanza kugeuka njano. Mama mkwe, bila kuniambia, akaanza kuteka maji kijitoni kwa ndoo, anamwagilia mstari mmoja baada ya mwingine. Siku moja natoka kazini namkuta ameketi njiani, ndoo imepinduka, goti linavuja damu. "Usinisemeshe," akasema. "Mstari mmoja bado." Nililia kwa hasira. Nikaapa kesho yake naacha kazi. Nitakuwa mkulima kama wengine, na mashuka yenu mtafua wenyewe.

Asubuhi, kabla sijashuka kwenda kuaga hospitalini, pembe ikalia tena. Ng'ombe walikuwa wamebomoa ukingo wa mfereji. Nikachukua jembe. Nilipofika nikasimama ng'ambo, peke yangu, nikasema kwa sauti, "Leo sirudi. Mnipe kazi, au mniambie hapa mbele ya wote kwamba mimi si mtu wa mfereji huu."

Ndipo jirani yangu, mama mtu mzima, alipomgeukia msimamizi. "Mwanangu, hivi mfereji huu unaishia wapi?"

"Si unaujua, mama. Mpaka kule bondeni."

"Urefu wote huo, na huyu mmekosa pa kumweka? Kama mnaogopa maji yatapita kwake kwanza, mpeni kipande cha mwisho kabisa. Kutoka pale hayawezi kupanda kurudi kwenu. Na mimi nipeni kinachopakana na chake."

Msimamizi akanyoosha mkono kuelekea bondeni. Nikapewa kipande cha mwisho, kile chenye mawe na matete ambacho kila mwaka kila mtu anakikwepa. Nililima! Jirani yangu akainama kule juu, mbali kidogo, kajifunga kipande cha kanga usoni, tunapigiana kelele habari za nyumbani. Zamu yangu ikafika, maji yakaingia shambani. Sehemu ilikuwa imeshakufa, iliyobaki tukavuna. Kazi sikuacha.

Nakushukuru, mama. Najua umejificha na kanga yako huko nyuma. Namshukuru mama mkwe wangu, ambaye goti lake mpaka leo halikunjiki vizuri. Msimamizi hajaniomba radhi, na simsubiri.

Lakini sikusimama hapa kwa ajili ya mambo ya zamani. Mwenzetu mmoja amerudi kutoka machimboni na kifua kikuu. Ameniruhusu niseme. Amekunywa dawa, anaendelea nazo, daktari amesema afanye kazi na akae na watu. Na jana bombani nimesikia kwa masikio yangu: "Huyo, msaragambo wa Jumamosi abaki nyumbani, tumemsamehe." Maneno yaleyale! Jamani, korona yote ile tulinawa mikono tu?

Ugonjwa ukija, ogopeni, sikatai. Kaeni mbalimbali, naweni, vaeni barakoa. Lakini mtu mpangieni kipande chake. Hata kama ni kile cha mawe na matete, mpangieni. Jumamosi pembe ikilia, mwenzetu huyo atatoka na jembe, nimeshaongea naye. Atalima kipande kinachopakana na changu. Anayetaka kumrudisha nyumbani, aanze na mimi.